Basi Lililopiga Goti Al-Nuzha

Siku Jerioth alipoliona basi la umeme likipiga goti, alisahau kwamba yuko kazini. Na huyo ni mtu aliyekaa Saudia miaka miwili bila kusahau hata dakika moja, kwa maana madam wa ile nyumba ya Al-Nuzha, Jedda, hakuwa mtu wa kusahaulika. Alikuwa amesimama kituoni, mbele ya duka la dawa, na mbele yake kwenye kiti cha magurudumu alikuwa Mama Kabira. Ndivyo tunavyowaita huku mama wazee wa nyumba. Huyu alikuwa mama yake bosi, bibi wa miaka themanini na ushei, ambaye miguu ilimwacha zamani na ulimi ukabaki naye mzima. Kila alasiri ilikuwa kazi ya Jerioth kumsukuma hadi pale apunge hewa nusu saa, halafu kumrudisha.

Basi likaja, jipya kabisa kwenye njia ile, nakwambia, kimya. Basi la kwetu unalisikia likiwa bado mtaa wa tatu, likikohoa na kutukana. Hili lilikuja kama mtu aliyechelewa kuingia msikitini. Likasimama, likashusha pumzi, na upande wake wa mlango ukaanza kuinama. Basi zima, na watu ndani! Likainama taratibu mpaka sakafu ikakaribiana na ukingo wa barabara, mzee mmoja mwenye mkongojo akaingia bila hata kuinua goti, kisha likajiinua na kuondoka bila moshi, bila kelele, bila chochote.

"Ngai," Jerioth akasema, naye si mtu wa kutaja Mungu ovyo. Mwili ulimsisimka mpaka kwenye vidole. Alibaki ameduwaa hivyo hivyo hadi Mama Kabira alipomgonga mkono na tasbihi yake: yalla, twende, au umegeuka nguzo?

Sasa utauliza, mtu mzima na akili zake anasisimkwaje kwa basi? Subiri nikwambie habari za Mike.

Mike ni kaka yake Jerioth, kaka wa kumfuata mgongo. Alikuwa fundi wa paa. Miaka saba iliyopita aliteleza ghorofa ya tatu, na tangu siku hiyo kutoka kiunoni kwenda chini hana habari. Anatengeneza simu sebuleni kwa mama yao, na mikono yake, wallahi, simu iliyofia chooni anaifufua. Lakini mji haujui kama yupo. Kiti chake hakipandi matatu, na kutoka pale nyumbani hadi mjini ni lazima abebwe mgongoni kama gunia, na Mike ana haya. Afadhali asiende. Kwa hiyo haendi.

Mwaka huo kaunti yao kule Kenya ikatangaza kwamba itanunua mabasi ya umeme kumi na mawili. Mike na wenzake wa chama cha walemavu wakaomba nafasi mbele ya kamati ya uchukuzi. Wenzake wakaenda bila yeye, wakasema, kama mnanunua, nunueni yanayoinama na yenye ubao wa kupandishia kiti. Mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye tumbo na haraka, akawajibu kwamba mabasi ya namna hiyo yapo kwenye vitabu vya matangazo, yamepakwa rangi, na ndani yake wamekaa Wazungu wanaotabasamu. Kwenye kazi ya kila siku, barabara ikiwa na watu wa kweli, nani aliyewahi kuona? Wakamletee picha moja tu: basi la umeme likiwa kazini, siku ya kawaida, mtu wa kiti akipanda. Kama hakuna, watachukua yale ya ngazi tatu, ndiyo rahisi, na yatatumika miaka kumi na mitano. Kikao cha mwisho ni Jumatano, wiki nne zijazo.

Miaka kumi na mitano! Mike atakuwa na hamsini na mbili. Jerioth alipiga hesabu hiyo akiwa anaosha kabati la viatu, na kitambaa kikamponyoka mkononi.

Kwa hiyo lile basi lilipopiga goti mbele yake, hakuona basi. Aliona kaka yake akitoka nyumbani.

Akaanza kupiga picha. Kila alasiri, mkono mmoja kwenye kiti cha Mama Kabira na mwingine kwenye simu. Na mwanzoni alipiga vibaya, usinicheke kwa niaba yake. Alipiga uso wa basi ukiwa na taa zake, akapiga paa lenye yale masanduku ya betri, akapiga ubavu uliong'aa jua la Jedda mpaka picha ikaungua. Mike akamrudishia zote. Akamwambia basi lililosimama na basi lililoinama kwenye picha ni sura moja. Mtu anaona basi tu. Akauliza pia, halina nyaya juu? Alishaona kwenye simu mabasi ya ng'ambo yanayotembea yamening'inia kwenye nyaya za umeme barabarani. Jerioth akamwambia hili halina waya, limebeba umeme wake tumboni. Mike akaomba amsikilizishe. Kesho yake Jerioth akampigia kituoni, akainua simu hewani basi likifika. Mike akasema sisikii kitu. Jerioth akamwambia, ndiyo hilo unalosikia.

Ni Mike aliyepata akili ya gurudumu. Pima na kitu, akasema, kitu ambacho hakibadiliki. Basi Jerioth akawa anasogeza kiti cha Mama Kabira karibu na mlango, akapiga gurudumu na kizingiti cha mlango kwa pamoja: picha moja basi limesimama wima, sakafu yake iko juu ya kitovu cha gurudumu, picha ya pili limeinama, sakafu imeshuka mpaka kwenye mpira. Mtu hata awe na tongo macho yote mawili ataona. Mike alifurahi siku hiyo akaimba. Mama Kabira naye alikuwa akitazama haya yote kutoka chini ya shela yake, asiulize. Aliona tu msichana wake wa kazi ameanza kulipenda gurudumu.

Lakini katibu wa kamati alipopelekewa, akajibu kwa maneno matatu. Mtu yuko wapi?

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kwa wiki tatu Jerioth alikuwa ameona watu wa mikongojo, mama na vigari vya watoto, mzigo wa mchele. Mtu wa kiti hakumwona. Wenye viti huku wana magari na madereva. Na hata angemwona, je? Huku kumpiga mtu picha bila ruhusa ni kesi, na akiwa mwanamke ndiyo usiseme. Unaweza kukatiwa tikiti ya kurudi nyumbani kabla wali haujaiva. Akajaribu njia nyingine: rafiki yake Rosebellah, anayefanya kazi Suwaidi kule Riyadh, akampelekea picha za treni za umeme za huko, zinazokwenda zenyewe bila dereva, mlango na jukwaa sambamba kama sakafu moja. Rosebellah alisema alikaa kiti cha mbele kabisa, mahali dereva angekaa, akaona reli inamjia mwenyewe, akakumbuka kusali. Picha nzuri sana. Lakini ni treni. Kamati ilitaka basi.

Zikabaki siku nne. Danson akaleta wazo lake.

Danson ni dereva wa nyumba ile, kijana wa Machakos, mwenye jibu la kila kitu. Siku hiyo Mama Kabira alikuwa amelala baada ya chakula, na kiti chake kilitakiwa kupelekwa kujazwa upepo. Danson akasema, sikiliza Jerioth, kiti tunacho, basi lipo, wewe una makalio. Kaa. Mimi nitapiga. Jerioth akakataa mara mbili, na mara ya tatu akakaa. Tusidanganyane, wengi wetu tungekaa. Dereva wa basi, Mpakistani mmoja mpole, alipoona kiti akatoka mwenyewe, akafunua ubao wa chuma mlangoni, akamsukuma mpaka ndani, akamteremsha tena aliposema samahani nimesahau kitu. Danson akapiga kwa nyuma, uso hauonekani. Picha ikawa safi kabisa. Jerioth akaituma, akangoja kaka yake aimbe.

Mike hakuimba. Alipiga simu saa ile ile.

"Jerioth, hicho kiatu nakijua."

Jerioth akajaribu kukana. Mike akamwambia hata kama asingekijua kiatu, angejua. Akamwambia aitazame tena ile picha, aangalie mguu wa kulia. Alipofika kwenye ubao alikuwa ameuteremsha, ameukanyagisha chini kidogo kukisaidia kiti kupanda. Mtu mwenye miguu hufanya hivyo bila kufikiri. Asiyenayo hawezi, hata ndotoni.

"Kwenye kile chama tuko kumi na tisa," Mike akasema, "na wote tungeliona hilo. Ukiwapelekea uongo mmoja, ukweli wetu wote unakuwa uongo. Usinifanyie hivi tena, siste. Afadhali basi la ngazi tatu."

Halafu akakata. Mike hajawahi kumkatia simu. Jerioth akaingia chooni, mahali pekee pa msichana wa kazi pa kulilia, akafungua maji yatiririke, akalia kwa aibu. Si aibu ya kushikwa. Ni kwamba alikuwa amekaa kwenye kiti dakika tatu, akainuka, akaenda zake, na kaka yake alikuwa ameliona hilo lote kwenye mguu mmoja.

Mtu akitaka kuficha jambo asiwe na bibi ndani ya nyumba. Jioni ile Mama Kabira alipokalishwa kwenye kiti chake akatulia, akapapasa mikono ya kiti, akasema kwa Kiarabu chake cha Hijazi kwamba kuna mtu amekaa hapa. Mto umevutwa mbele, na pa kuweka mguu wa kulia pamekunjwa. Nani?

Jerioth angeweza kusema mafi, hakuna mtu. Alikuwa amechoka na uongo. Akapiga magoti sakafuni, na kwa Kiarabu chake cha jikoni, kile cha sabuni na vitunguu, akaeleza yote: kaka, paa, kamati, mabasi kumi na mawili, picha, kiatu. Akangoja madam aitwe. Akajiona uwanja wa ndege na begi lake.

Mama Kabira akaizungusha tasbihi yake duru nzima. Kisha akauliza jambo moja tu. Akauliza kama huyo kaka hutoka nje.

Jerioth akatikisa kichwa.

"Mimi pia sitoki, binti," bibi akasema. "Natolewa."

Akamwambia mara ya mwisho kupanda basi alikuwa na mume hai na magoti mawili. Tangu hapo ni gari la mwanawe, anainuliwa na kuingizwa na Danson na mwanawe kama zulia, kila mmoja na upande wake, na anafumba macho mpaka liishe. Kesho alasiri, akasema, atapanda lile basi. Jerioth akasema madam hatakubali. Mama Kabira akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mjinga wake mwenyewe, akasema baba wa nyumba hii nimemzaa mimi, na mke wake nimemchagua mimi. Halas, yamekwisha.

Kesho yake wakatoka. Bibi alivaa abaya yake ya sikukuu. Danson aliambiwa afuate nyuma kwa gari, asithubutu kutoa simu mfukoni, maana dereva kumpiga picha mama wa nyumba, hata kwa kisogo, ni jambo ambalo hata ulimi wa Mama Kabira usingelitetea. Danson mwenyewe alilijua, akaifungia simu kwenye droo ya gari.

Basi likaja kimya chake kile kile. Likashusha pumzi, likapiga goti. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nalo lilimtaka Mama Kabira, likainama mpaka chini. Yule Mpakistani akatoka, akafunua ubao, akaweka mkono kifuani kumwamkia bibi.

Na hapo ndipo Jerioth akaganda. Kumbe kwa wiki tatu na nusu hakuwahi kufikiri jambo moja dogo. Ubao ule una mteremko, bibi si mwepesi, na kiti kinasukumwa kwa mikono miwili. Akishika simu, kiti kitarudi nyuma. Akishika kiti, simu inabaki mfukoni. Aliangalia kulia, aliangalia kushoto. Kituoni kulikuwa na wanaume wawili wageni na mama mmoja na mtoto. Hawezi kumpa mgeni simu ampige picha bibi wa watu. Dereva alikuwa ameshika mlango, na bibi alikuwa ameshasema hasukumwi na mwanamume mgeni. Basi zima lilikuwa linangoja, watu wanatazama, na zimebaki siku tatu kufika Jumatano. Akajua kwamba picha itapita mbele ya macho yake na hataipata. Moyo ulimuuma, acha tu. Lakini bibi alikuwa amejiandaa tangu alfajiri, na hakuja pale kuwa picha ya mtu. Jerioth akashika kiti kwa mikono miwili.

Mkono wa Mama Kabira ukatoka kwenye abaya, ukapita juu ya bega, kiganja wazi.

"Nipe simu," akasema. "Nionyeshe pa kubonyeza."

Jerioth akaifungua upande wa kamera, akamwekea kidole mahali, hapa mama, hapa hapa. Kisha akasukuma.

Sijui nikwambieje jinsi walivyopanda. Hakuna kilichotokea. Ndiyo ajabu yenyewe. Hakuna aliyeinuliwa, hakuna aliyepiga kelele shika hapa, hakuna aliyefumba macho. Magurudumu yalitoka barabarani yakaingia basini, na Mama Kabira alikuwa amekaa vile vile, kichwa juu, akibonyeza ile simu kama anayeponda iliki. Dereva akafunga ubao. Basi likajiinua na bibi akiwa ndani yake, akahisi linavyomwinua, akasema taratibu, subhanallah. Likaondoka. Mji mzima ukaanza kupita dirishani bila sauti, mitende, maduka, minara, na bibi wa miaka themanini na ushei akageuza kichwa huku na huku kama mgeni wa Jedda, yeye aliyezaliwa Jedda. Jerioth alisimama nyuma yake ameshika bomba. Nyuma kabisa, kwenye kioo, Danson alikuwa akiwafuata na gari tupu.

Walipofika nyumbani akafungua simu. Picha arobaini na moja. Kumi na tatu ni kidole gumba. Nyingine ni paa la basi, anga, na pua ya Mama Kabira kwa chini. Akazipitia moja moja. Kisha akafika kwenye ya ishirini na tisa, akakaa kitandani.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na magoti mawili chini ya nguo nyeusi, ncha mbili za viatu zimetulia pamoja mahali pake, na mbele ya viatu ubao wa chuma unaopanda polepole. Mwisho wa ubao mlango umefunguka wote, na sakafu ya basi inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye nafasi tupu iliyoachwa, yenye alama ya kiti ukutani. Kiatu cha dereva pembeni, kimesogea kupisha. Basi.

Akamtumia Mike bila kuandika neno. Mike akaona, alama mbili zikageuka bluu. Hakujibu usiku kucha. Asubuhi akaandika kwamba ataipeleka hiyo, hiyo moja tu.

Jumatano saa sita mchana Jerioth alikuwa akikaanga samaki simu ilipolia. Madam alikuwa sokoni. Akazima moto kwanza, maana mafuta hayana dini. Sauti ya Mike ilikuwa nje, akasikia upepo na pikipiki.

Akamweleza. Vijana waliowasindikiza chama walimbeba mpaka kule kwenye ofisi, ghorofa ya kwanza, ngazi ishirini na mbili, mgongoni, na alikubali kubebwa. Simu ikapita mkononi mwa wajumbe, kila mmoja anaitazama anampa mwenzake. Ikafika kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akaigeuza hivi, akaigeuza vile, akakunja uso.

"Akaniuliza, mtu yuko wapi kwenye picha hii? Nikamwambia, mheshimiwa, iteremshe. Iweke kwenye magoti yako uitazame hapo. Akaiteremsha. Jerioth, yule mtu hakuirudisha. Akaitazama ikiwa juu ya magoti yake mpaka watu wakaanza kukohoa. Halafu akauliza mlango una upana gani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Katibu akaandika. Yote kumi na mawili, siste. Ya kuinama, na ubao. Wameandika."

Jerioth aliweka kijiko chini. Alijishika kwenye sinki, machozi yanadondoka kwenye magamba ya samaki. Mike akaendelea kusema, sauti yake nayo ikikatika, kwamba usiku ule hakujibu kwa sababu alikuwa amelala na simu juu ya magoti yake, akipanda. Alipanda lile basi mara mia, akasema. Hakuwa amemwona mtu akipanda. Alikuwa anapanda yeye.

Kengele ya Mama Kabira ikalia chumbani. Jerioth akaenda na simu mkononi, uso wote umelowa, na bibi alipomwona akashtuka akauliza nani amekufa. Hakuna, mama. Kaka yangu. Wamekubali.

Mama Kabira akanyoosha mkono kama alivyonyoosha siku ile kituoni. Jerioth akampa. Bibi akaweka simu sikioni, akaanza kusema Kiarabu kirefu, chenye kicheko ndani yake, na kutoka upande wa pili Mike akawa anajibu kwa Kiswahili, ndiyo mama, asante mama, nashukuru sana. Hakuna aliyemwelewa mwenzake hata neno, na Jerioth hakuombwa kutafsiri.